Karatasi ya Kufungia Chapati

Umeme ulikatika saa moja jioni, mvua imeshaanza, na mkaa uliobaki haukutosha kupika kitu zaidi ya maharage yaliyokuwa jikoni tangu alasiri. Nikampa kitinda mimba wangu pesa na mwavuli, nikamwambia ashuke kwa muuza chapati alete kumi. Sisi wa Wandegeya, hapa Kampala, chapati hatuzipiki sana nyumbani. Kuanzia taa za barabarani pale Bombo Road hadi vichochoro vya kuelekea Makerere, kila hatua chache kuna kikaango cha chapati na rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, maana wanafunzi wa chuo kikuu hula usiku, na mtaa unaolisha wanafunzi haulali mapema.

Alirudi amelowa chepechepe. Mwavuli hakuufungua. Alisema angeufungua, chapati zingekosa mkono wa kuzishika.

Zilifungwa kwa karatasi mbili. Nikazikunjua juu ya sinia kwa mwanga wa simu. Mafuta yalikuwa yamepenya mpaka maandishi ya nyuma yakawa yanasomeka pamoja na ya mbele, lakini nembo ya juu niliitambua kabla sijasoma neno. Ndiyo iliyoshonwa kwenye sweta la binti yangu.

Ilikuwa fomu ya kuingia bwenini. Jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, dini. Jina la baba na namba mbili za simu. Jina la mama, na kando yake mtu ameandika "marehemu". Maradhi. Dawa anazokunywa kila siku, na saa ya kuzinywa. Chini kabisa, kwa wino mwekundu na mkono wa mtu mwingine, salio la ada na maneno "asipewe ripoti". Nilisoma yote. Nalisema hili kwa sababu linanisumbua mpaka leo: nilifika mwisho wa ukurasa ndipo nikakumbuka kwamba mtoto yule hanijui, wala mimi sikupaswa kumjua.

"Unasoma nini, mwana wange, chakula kinapoa?" aliuliza mama mkwe.

Nikaikunja karatasi. Lakini binti yangu, aliyekuwa likizo akijiandaa kuingia P.7, darasa la mwisho la msingi, alikuwa ameshaona nembo. Alinyamaza kitambo, kisha akasema polepole, "Mama, hiyo ni fomu ya shuleni kwetu. Na yangu iko huko?"

Hakuna aliyekula chapati.

Tuliteremka watatu: mimi, mume wangu, na kitinda mimba akituonyesha njia tunayoijua vizuri kuliko yeye. Muuza chapati ni kijana mpole, tunamjua tangu alipokuwa akikanda unga kwa mtu mwingine. Kando ya sigiri yake, juu ya kreti la soda, palikuwa na rundo la karatasi limekandamizwa kwa jiwe. Zote zilikuwa na nembo ile. Akatueleza bila kuficha kwamba alizinunua kwa kilo, asubuhi hiyo, kutoka kwa kijana anayepita na toroli akikusanya chupa na maboksi.

"Tuuzie hizo," mume wangu akasema.

"Ssebo, nikikuuzia nitafungia nini? Jumamosi leo."

Alikuwa na haki. Nyuma yetu foleni ya wanafunzi ilikuwa imesimama chini ya turubai, na kila dakika mbili chapati ilitoka kikaangoni, ikakunjwa na mayai, ikaviringishwa katika maisha ya mtoto wa mtu, ikaondoka kuelekea mabwenini. Nilimwomba asubiri. Akanionyesha foleni. Basi nikatandaza kanga yangu ya mabegani juu ya meza, nikamwambia kila chapati itakayoiva kuanzia sasa ni yangu, na haihitaji karatasi. Wanafunzi wakaguna. Mume wangu akarudi nyumbani mbio kutafuta magazeti ya kubadilishana na fomu. Nilinunua chapati 14 kabla hajarejea.

Magazeti ya nyumba yetu ni ya mama mkwe. Ameyahifadhi miaka mingi chini ya kitanda chake, yamefungwa kwa kamba za migomba, na hakuna anayeyagusa bila ruhusa. Mume wangu, kwa haraka ile, aliyagusa. Alifika nayo chini ya koti, muuza chapati akayakubali, tukakabidhiana: fomu kwetu, magazeti kwake. Tulikuwa tunageuka kuondoka tulipomwona mama mkwe mwenyewe anakuja mvuani, gomesi ameishika kwa mkono mmoja ili isiburute matopeni, tochi mkono wa pili, na binti yangu nyuma yake akimkinga kwa beseni la plastiki.

Hakutusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye rundo, akafunua gazeti moja baada ya jingine kwa kidole kilicholoweshwa ulimi, mpaka akalipata alilolitaka. Lilikuwa la Januari ya miaka minne nyuma, siku chache baada ya matokeo ya PLE. Katikati ya ukurasa alikuwamo kifungua mimba wetu, amebebwa juu juu na walimu, jina lake, shule yake na jumla ya alama zake chini ya picha.

"Hii haifungii chapati," akasema. "Huyu ni mjukuu wangu."

Ukurasa ule ulikuwa na watoto wengine wengi, safu kwa safu, majina na alama. Ninyi msiotoka Uganda, mtihani wa PLE, wa kumaliza shule ya msingi, una masomo manne, na jumla iliyo bora kabisa ni 4, iliyo mbaya kabisa ni 36. Kila Januari namba hiyo inakuwa jina la pili la mtoto. Watu humuuliza alipata ngapi kabla ya kumuuliza hali. Nilimtazama mama mkwe akilikunja gazeti lake mara nne na kulitia kifuani, nikamwonyesha furushi lililokuwa chini ya kwapa langu.

"Mama, na hawa ni wajukuu wa watu."

Aliliangalia furushi, akaniangalia mimi. Kisha akamgeukia muuza chapati. "Wewe. Ulizokwisha kufungia leo ni ngapi?" Kijana akakuna kichwa. Labda 50, labda 60. Mama mkwe akashika kiuno kwa namna wanavyoshika kiuno msibani.

Nyumbani tuliwasha mishumaa, tukatandika mkeka sebuleni. Nilikuwa nimeshaanza kuzipanga fomu kwa madarasa binti yangu aliponishika mkono.

"Msisome."

"Tutaipataje ya kwako bila kusoma?"

Hakujibu. Alikwenda jikoni akarudi na boksi tupu la majani ya chai, akalipasua likawa bapa, akachukua kisu, akakata kitobo kirefu kama kidole. Akaweka lile bapa juu ya fomu ya kwanza. Kitobo kikaangukia kwenye mstari wa jina, na vingine vyote vikafunikwa. Akasoma jina, akaigeuza fomu kifudifudi, akachukua ya pili.

Nimesoma baadaye maelezo mengi ya sheria kuhusu kukusanya taarifa zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyopo na kuacha nyingine. Sijapata maelezo yaliyonielea kuliko kipande kile cha boksi la chai. Tulikaa tukimtazama, na hakuna aliyethubutu kusogea. Zilikuwa fomu 183. Ya kwake ilikuwa karibu na mwisho, kavu kabisa, haijaguswa na mafuta.

Hiyo aliisoma yote. Alipofika kwenye kisanduku cha afya akasimama, akasoma tena, akainua macho.

"Hili nani aliandika?"

"Mimi."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Alikuwa na miaka tisa nilipoandika. Ni mstari mmoja, maneno sita, mkono wangu mzuri wa siku za sherehe. Niliandika kwa mapenzi, ili walezi wa bweni wamtazame, na sikuona kosa, maana mzazi akiulizwa na shule hujibu kama anayejibu daktari. Kilichoandikwa humo sikitaji hapa. Tulikubaliana hivyo yeye nami, na makala hii ameisoma kabla haijatoka mikononi mwangu.

Mimi nimezaliwa Tanga, na kwetu mtoto akifunzwa adabu jambo moja halisahauliki: kumsitiri mwenzio. Mtu akijikwaa unageuza uso, ukiingia kwa watu unapiga hodi na kungoja. Nililelewa katika sitara, nikaolewa huku nikiamini nimekuja nayo, kumbe nilidhani sitara ni ya watu wazima peke yao. Mtoto tunamvua nguo mbele ya wageni tumwogeshe, na hali kadhalika tunayavua mambo yake mbele ya kila mwenye fomu na kalamu.

Si fomu tu. Wiki moja kabla ya chapati zile, UNEB, baraza la mitihani la Uganda, ilikuwa imetoa matokeo ya PLE. Siku hizi huhitaji kwenda shuleni: unaandika PLE kwenye simu, unaacha nafasi, unaandika namba kamili ya mtahiniwa, unatuma 6600. Mtambo haukuulizi wewe ni nani. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa amenipa namba ya binti yake tangu Novemba, ameiandika kwenye kikaratasi, ili nimwombee dua. Nilimwombea. Na siku ya matokeo nikaituma namba ile 6600 kabla yeye hajafika nyumbani kutoka kazini. Jioni alipokuja kunieleza, nilikuwa tayari najua, na ilinibidi nisikilize simulizi yake kama mtu asiyejua. Usiku ule wa fomu nilimkumbuka. Sijamwambia mpaka leo, na nitamwambia kabla hajaisoma hapa.

Jumapili mume wangu alikaa na simu akitafuta sheria inasemaje. Ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inakataza kuingiliwa faragha ya nyumba ya mtu, barua zake, mawasiliano yake na mali yake. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, iliyotiwa saini Februari mwaka huo, na kanuni zake zikafuata 2021. Taarifa za mtoto hazikusanywi wala kutumiwa bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa sheria imeagiza hivyo au ni kwa utafiti na takwimu. Afya, dini na hali ya fedha vimewekwa katika kundi la kulindwa zaidi, na vyote vitatu vilikuwa kwenye ukurasa mmoja wa fomu ile. Lakini mstari alionisomea mara mbili ulikuwa mwingine: kumbukumbu zikimaliza kazi, ziteketezwe kwa namna ambayo haiwezekani kuzirudisha zikasomeka tena. Wakati anasoma, fomu zilizolowa zilikuwa zimeanikwa kwenye viti, na zote zilisomeka.

Mimi nikakwama kwenye neno idhini. Sheria inamwomba mzazi. Idhini ya mtoto wangu ni mimi niliyeitoa, tena kwa furaha, na alipokuwa amekaa mbele yangu akiuliza kwa nini, sheria haikunisaidia kumjibu. Wifi yangu anaishi Boston. Alinieleza zamani, kwa uchungu, kwamba mwanawe alipoingia chuo walikataa kumpa mama matokeo ya kijana anayemlipia ada. Marekani wana sheria ya 1974 wanayoiita FERPA: mzazi ana haki ya kuona kumbukumbu za mwanawe, kudai zirekebishwe, na kuzuia zisitolewe ovyo, lakini mwana akitimiza miaka 18, au akiingia chuo, haki zote hizo zinahama kwake. Wakati ule nilimhurumia wifi. Sasa nadhani miaka 18 ni mbali mno. Binti yangu ana 13 na tayari anajua kipi chake.

Jumatatu tulikwenda shuleni. Nilimwomba binti yangu abaki, akakataa. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, na alipoona furushi uso wake ulibadilika kwa namna isiyoweza kuigizwa. Habari ilikuwa fupi. Majina ya wanafunzi wote yalikuwa yameingizwa kwenye mfumo wa wizara ya elimu, EMIS, kila mtoto na namba yake. Stoo ikatakiwa kusafishwa. Makaratasi ya zamani akapewa askari wa getini ayachome. Askari akaona kilo kadhaa za karatasi nzuri zinateketea bure wakati yupo mtu wa kuzinunua. Sheria ile ile inaweza kumfunga anayeuza data za watu hadi miaka 10. Nilisema, na nasema tena, huyu mzee asiguswe. Hakuna aliyemwambia kilichomo ndani. Aliambiwa ni taka.

Niliwaza nyumbani kwamba ningewapigia wazazi wote 183, na nikashika simu kweli. Kidole kikasita juu ya namba ya yule baba aliyefiwa na mkewe. Alipoiandika namba ile hakunipa mimi. Aliipa shule, kwa ajili ya usiku mtoto atakapougua. Hivyo jukumu nikalipeleka lilikotoka: shule ndiyo iwaite wazazi, na shule ndiyo iiandikie Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, kwa kuwa sheria inamtaka anayehifadhi taarifa akishavujiwa aijulishe mara moja. Mwalimu mkuu aliuliza kama jambo kama hili linafika huko kweli, jambo la shule. Mume wangu akamtajia Kenya, Septemba 2023, ambako Kamishna wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Na Tanzania, nikaongeza mimi, Januari mwaka huo huo Baraza la Mitihani liliacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa, na Mei sheria yao ya taarifa binafsi ikaanza kufanya kazi. Mwalimu mkuu alivuta karatasi, akaanza kuandika barua tukiwa tumekaa.

Alipomaliza alinyoosha mkono apokee furushi. Binti yangu hakulitoa.

"Mtaziweka wapi?"

"Ofisini kwangu. Kabatini."

"Lina kufuli?"

Lilikuwa na kitasa, bila ufunguo. Tukangoja mpaka kufuli likanunuliwa. Nadhani tulingoja nusu saa, na katika nusu saa ile hakuna mtu mzima aliyesema neno. Fomu yake mwenyewe binti yangu alikuwa ameiondoa mapema, na hilo mwalimu mkuu alilikubali.

Kulia kwa dirisha langu, Wandegeya, linaonekana paa la jengo kuu la Makerere. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020 tulisimama dirishani hapo tukilitazama likiungua, na mtaa mzima ulikuwa ukiulizana kuhusu vyeti na alama: je, kumbukumbu zimeungua? Hofu yetu ilikuwa kwamba karatasi zitapotea. Kwamba zinaweza kubaki nzima, zikasambaa, zikasomwa na mtu anayepangusa mafuta vidoleni, hilo sijamsikia yeyote akilisema usiku ule, wala mimi halikunijia.

Zile 50 au 60 hazikurudi. Kwa siku kadhaa kitinda mimba alikuwa akipita njia ya mabwenini akiokota kila karatasi yenye mafuta. Alileta tatu. Mama mkwe alizikausha juu ya sigiri, hakuzisoma, akanipa nizipeleke kabatini. Gazeti lake bado liko chini ya kitanda, lakini amelitoa ukurasa mmoja kwa mkasi: amekata picha ya mjukuu wake peke yake, na safu za majina ya watoto wengine akazitia motoni. Mjukuu mwenyewe alipopiga simu kutoka shuleni, bibi yake alimuuliza kama anakubali picha ile ibaki. Alikubali.

Muhula ulipofunguliwa Februari, tulipewa fomu mpya ya bweni. Nilikaa na binti yangu kwenye baraza ya ofisi, kalamu mkononi mwangu, tukajaza jina na tarehe na namba za simu. Tulipofika kwenye kisanduku cha afya nikamkabidhi kalamu. Alikitazama kisanduku kile muda mrefu.

"Ni lazima?"

Sikujua. Tukaenda kumuuliza nesi. Ni mama wa makamo, anazungumza kwa sauti ya chini. Alisema anachohitaji kujua anahitaji kukijua yeye, si kila anayepita ofisini. Kisanduku kiachwe wazi, na mtoto aingie amwambie mwenyewe kama yuko tayari.

Binti yangu akainuka. Nami nikainuka. Akanigeukia pale mlangoni, hakusema kitu, nikaelewa. Wakaingia wawili, mlango ukafungwa, nikabaki barazani nimeshika fomu.